Chai Kabla ya Kipimo

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Mei tulimzika mume wangu shambani kwao, Rongai. Aliuawa na saratani ya koo la chakula. Alianza kwa kushindwa na ugali, akaja akashindwa na uji, mwishowe hata maji yakawa yanarudi. Mapema daktari alitaka kumwangalia kwa mpira mwembamba wenye kamera, ule unaopitishwa mdomoni hadi tumboni, lakini mtu alikuwa amemwambia kwamba mpira huo hurarua koo. Aliahirisha mara kadhaa. Alipokubali, ugonjwa ulikuwa umeenea.

Mwezi wa Agosti nami nikaanza kuchomwa chini ya kifua. Nikila panachoma, nisipokula panachoma. Nilikaa na maumivu hayo bila kumwambia mtu, kwa sababu mtu ambaye ningemwambia hakuwepo tena. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: kama nina ugonjwa uleule. Nikaenda kwa daktari, akaniandikia kipimo kilekile.

Niliambiwa nisile chochote tangu usiku. Asubuhi jirani yangu hapa mtaa wa Section 58 akabisha mlango na thamosi ya chai, kama alivyofanya kila siku tangu matanga. Kwetu, mtu aliyefiwa haachwi atoke nyumbani na tumbo tupu. Nikanywa kikombe kimoja, nikaenda hospitali.

Sista, muuguzi wa zamu, aliniuliza kama nimekula. Nikasema sijala.

"Na kunywa?"

"Chai tu."

"Ya maziwa?"

"Sasa sista, bila maziwa hiyo ni chai gani?"

Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi na mke wake akacheka. "Usijali, mathe. Hata mimi nilirudishwa kwa hiyo hiyo chai."

Sista hakunigombeza. Alinieleza kwamba maziwa hukaa tumboni kama chakula, daktari asione vizuri, na mtu akitapika akiwa amelala yanaweza kuingia kwenye mapafu. Akaniuliza kama nina meno ya kubandika, kama nina sukari, kama natumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi. Kisha akanipangia siku nyingine, akauliza nitakuja na nani. Wanaodungwa sindano ya usingizi lazima wawe na mtu wa kuwapeleka nyumbani, kwa kuwa hata ukijiona uko macho, siku hiyo akili yako haiaminiki.

Nikasema nitatafuta mtu. Njiani nikawafikiria mmoja mmoja. Binti yetu yuko Qatar. Shemeji yangu hajanipigia simu tangu mazishi. Jirani huwa sokoni na mboga zake mchana kutwa, na tayari amenibeba vya kutosha. Nilipofika mlangoni nilikuwa nimewamaliza.

Siku ya pili niliyopangiwa nilitoka kabla jirani hajaamka, nisije nikalazimika kumkatalia chai. Nilimwambia sista ukweli kwamba niko peke yangu. Akasema basi tutatumia dawa ya kupuliza kooni tu. Nitasikia yote, lakini nitaweza kurudi mwenyewe.

Dawa ilikuwa chungu. Baada ya muda koo likafa ganzi, nikawa siwezi kujua kama nimemeza mate. Nikalazwa kwa ubavu wa kushoto, nikauma kiplastiki chenye tundu katikati. Mpira ulipogusa koo nilitaka kutapika, machozi yakanitoka. Sista akaniwekea mkono begani.

"Pumua na pua, mathe. Mate yaache yamwagike. Njia ya pumzi iko wazi."

Ilikuwa wazi kweli. Nilipoacha kupigana, mpira ukapita. Tumbo lilijaa hewa, nikabeua mbele ya watu bila aibu. Haikuchukua muda mrefu, na hakuna kilichoraruka. Hilo ndilo ningependa mume wangu angekuwa ameambiwa na mtu aliyewahi kulala pale.

Daktari alisema koo langu ni safi. Tumboni kuna kidonda. Amechukua vipande vidogo vya kupima, sikuhisi hata kimoja, na nitapewa dawa. Nikitapika damu, nikipata choo cheusi au maumivu makali, nirudi mara moja. Akaniuliza kama kuna mtu nje anayengoja kuambiwa. Nikasema hakuna. Mzee wa ile siku ya kwanza hakuwepo, benchi lilikuwa tupu.

Nyumbani nilikuta thamosi imewekwa mlangoni. Nilikatazwa kunywa kabla ganzi haijaisha, nisipaliwe, kwa hiyo nikaiweka mezani nikaketi upande wangu. Nilijaribu maji kidogo kwanza. Yalipopita vizuri nikamimina chai, nikaiacha ipoe. Mume wangu alikuwa akiinywa ikitoka jikoni, inachemka, na daktari wake alisema huenda moto huo wa miaka mingi ndio ulioliumiza koo lake.

Nikanywa yangu ikiwa vuguvugu, nikaiosha thamosi, nikairudisha kwa jirani.