Ukuta wa Dani

Juzi darasani, hapa Homa Bay ninapofundisha sanaa, mwanafunzi aliniuliza kama kitu kilichofutika bado ni kizuri. Swali hilo lilinirudisha nyumbani moja kwa moja, karibu na Masara upande wa Migori, kwenye boma la nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Dani.

Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wetu alipenda maswali yasiyokuwa kwenye mtihani, na siku hiyo akauliza: kitu kizuri kuliko vyote mlichowahi kuona ni kipi? Kwetu watu walichimba dhahabu, kwa hiyo darasa zima likapaza sauti, dhahabu! Mimi nikasema ukuta wa nyumba ya Dani. Wacha wee! Walicheka hadi mwalimu akagonga meza. Jirani yangu wa dawati akauliza matope na mavi ya ng'ombe yana uzuri gani. Niliumia, nisikudanganye. Mwalimu akasema tu, "Ijumaa twende tukaone."

Na ulikuwa mzuri, jamani. Dani aliusiriba kwa udongo mwekundu, halafu kabla haujakauka akavuta vidole vinne toka mlangoni hadi pembeni, mawimbi juu ya mawimbi, na kati yake akapaka majivu na udongo mweupe. Nilipomwambia wageni wanakuja kuuona alifurahi sana, akanituma mtoni kuteka maji. Kwetu mgeni hapokelewi na ukuta wa zamani, ila mimi wakati huo nilifikiri ni maji ya uji.

Ijumaa tukafika, mwalimu mbele. Ukuta ulikuwa mbichi, mwekundu, mtupu. Hata wimbi moja halikubaki. Jirani yangu wa dawati akanong'ona, "Si nilisema?" Machozi yakanitoka mbele ya wote.

"Dani, mbona umeufuta?"

Akashangaa kweli. "Ule ulikuwa wa wageni wa Krismasi, nyakwara, mjukuu wangu. Hawa nao je?"

Akaweka vidole ukutani, akavuta. Michoro ilikuwa mipya kabisa, sijawahi kuiona. Harufu ya udongo mbichi ilijaa uani, na hakuna aliyecheka. Kisha akawaita wenzangu nao wajaribu. Mwalimu akatuuliza kama uzuri uko ukutani au mkononi, tukabishana njia nzima hadi shuleni. Jirani yangu wa dawati alibisha kuliko wote, udongo bado umemganda vidoleni.

Dani hayupo tena, na nyumba yake ilianguka. Baba mdogo amejenga ya matofali, simiti na rangi ya krimu. Haivuji, siwezi kulalamika. Lakini ule ukuta nautamani hadi leo.

Nilipowasimulia haya, wanafunzi wangu waliomba kuona picha ya ukuta huo. Sina, hakuna aliyewahi kuupiga picha. Basi nikaugeukia ubao uliojaa vumbi la chaki, nikaweka vidole vinne, nikavuta toka mwisho hadi mwisho. Kengele ikalia, kiranja akachukua dasta, akaufuta ubao kwa ajili ya mwalimu wa hesabu. Sikumzuia.