Tulichoma, Alisema Kiprugut

Rahab alikuwa na miaka tisa Januari ile ya 2008, walipomuua baba yake, Kang'ethe, kule Kuresoi katika ghasia za baada ya uchaguzi. Mama yake, Njoki, alikuwa amemlaza kati ya mabua ya mahindi na kumziba mdomo kwa kiganja, lakini macho hakumziba. Aliona mshale ukimwingia baba shingoni akiwafungulia ng'ombe. Aliona panga likishuka mara tatu. Kisha stoo ya viazi ikashika moto, na nyumba ikafuata. Walitembea hadi Molo, wakapandishwa lori la kwenda Nakuru, wakalala kwenye hema miezi minane. Waliporudi na polisi kuutafuta mwili, hawakupata hata kiatu.

Njoki alipata chumba mtaa wa Bondeni, Nakuru, akawa anauza mitumba. Rahab akasoma kwa bidii, na akapigana pia. Akiwa darasa la sita alimvunja msichana kidole kwa sababu tu jina lake lilianza na Chep, jina la Kikalenjin, kabila la waliomuua baba yake. Mwaka wa 2019 alipopata ufadhili wa kusomea uhandisi Uturuki, mama yake alimwambia, "Enda. Huko hakuna mtu atakuuliza wewe ni wa wapi."

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa lugha peke yake, katika mji wa Eskişehir. Darasani walikuwa kumi na wanane, na Mkenya mwingine alikuwa mmoja tu, Kiprugut, kijana mrefu wa Kikalenjin aliyesema ametoka "Nakuru tu." Walisalimiana siku ya kwanza, kisha wakakwepana. Rahab hakutaka kujua zaidi.

Mwezi wa tatu wa masomo mwalimu wao, Bi Nurhan, aliwafundisha kusimulia yaliyopita. Kituruki kina namna mbili, akawaambia. Jambo uliloliona mwenyewe, kitenzi kinaishia hivi. Jambo ulilosimuliwa, kinaishia vile. Akawamiminia chai kama kawaida yake, akamtaka kila mmoja asimulie kisa. Halit, kijana wa Aleppo, alieleza jinsi bomu lilivyowaua dada zake wawili jikoni. Alitumia kitenzi cha aliyeona.

Zamu ya Rahab ilipofika, alijisikia akisema, "Babamı öldürdüler." Walimuua baba yangu. Akataja Kuresoi, mshale, viazi vilivyonuka vikiungua. Hakuwahi kuyasema hayo kwa Kikuyu wala kwa Kiswahili. Katika lugha hii maneno yake yalikuwa machache kama ya mtoto, na yalitoka yote.

Kiprugut alikuwa wa mwisho. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kwao pia ni Kuresoi, na kwamba nyumba zilichomwa. Alitumia kitenzi cha aliyesimuliwa.

"Ulisikia, ama uliona?" Rahab alimuuliza kwa Kituruki.

Kiprugut aliangalia meza. "Yaktılar," alisema. Walichoma, niliona. Kisha akasema tena, "Yaktık."

Tulichoma.

Rahab alimpasulia glasi ya chai usoni. Alimwangusha na kiti chake, akamkalia kifuani, akampiga ngumi mpaka Halit na wenzake wawili wakamng'oa pale. Jino la Kiprugut lilibaki sakafuni kati ya vipande vya glasi.

Walinzi wa chuo walipouliza, Kiprugut alisema ameteleza. Bi Nurhan hakumpinga. Aliwaingiza wote wawili ofisini kwake, akafunga mlango na kuuegemea. "Hamtoki mpaka mseme," aliwaambia.

Kiprugut alieleza kwa Kituruki, kitambaa chenye damu kikiwa mdomoni. Alikuwa na miaka kumi na mbili. Baba yake mdogo, Elphas, alimpa kiberiti, naye akachoma stoo ya viazi. Asubuhi iliyofuata aliambiwa ashike miguu ya yule mwenye stoo aliyeuawa kwa mshale, wakamtupa kwenye choo cha shimo na kufukia.

"Nionyeshe," Rahab alisema. Kiprugut akachora shamba nyuma ya daftari lake.

Hawakupeana mikono siku hiyo, wala mwaka huo. Lakini Jumapili iliyofuata Bi Nurhan aliwaita kwake kula, nao wakaenda, na wakazungumza kwa lugha yake.

Julai 2023, waliporudi Kenya likizo, walikwenda Kuresoi pamoja. Walitaka kwanza kuhakikisha mahali, ndipo wawaite polisi. Elphas ndiye aliyekuwa akililima shamba lile sasa. Alitoka kati ya mistari ya viazi na panga mkononi.

"Huyu umemleta wa nini?"

"Mzee, amekuja kuchukua babake," Kiprugut alisema.

Elphas alimjibu kwa Kikalenjin, polepole. Rahab hakuelewa. Kiprugut hakugeuka kumtazama, alisema tu kwa Kituruki, "Kaç." Toroka.

Alitoroka. Alipofika kwenye ua aligeuka, akaona panga likishuka na Kiprugut akiinua mkono kulikinga. Vidole viwili vilikatika. Rahab alirudi mbio, akaokota jembe lililokuwa kwenye viazi, akampiga Elphas goti likavunjika kwa mlio. Mzee alianguka chali. Rahab aliliinua jembe tena, juu ya kichwa chake sasa, na akataka kumuua kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Kiprugut alilishika jembe kwa mkono uliobaki mzima. "Wacha," alisema kwa Kiswahili. "Akifa hatasema ni nani wengine."

Polisi walichimba siku mbili. Walipata mifupa, mkanda wa ngozi, na fuvu lenye nyufa tatu. Elphas alipelekwa rumande akiwa na plasta mguuni, na kwao Kiprugut wakamwambia asikanyage tena.

Mifupa ya Kang'ethe waliizika Nakuru. Njoki alisema yule kijana akiingia makaburini atampiga mawe, kwa hiyo Kiprugut alisimama nje ya lango, mkono umefungwa bendeji. Rahab alimwaga udongo wake, akaenda kusimama naye. Hajamsamehe, na alimwambia hivyo. Kiprugut aliitikia kwa kichwa. Walibaki pale wakisikiliza sepetu mpaka kaburi likajaa.