Mzee Vunja na Bawaba ya Goti

Tulimwita Mzee Vunja, naye hakukasirika, kwa sababu kazi yake ilikuwa hiyo hiyo. Sisi watafiti tulitengeneza vipande vya chuma kwa leza. Mashine inatandaza unga wa chuma laini kama vumbi, leza inauyeyusha pale tu panapotakiwa, unatandazwa mwingine juu yake, tena na tena, mpaka kipande kinaota kutoka chini kwenda juu. Kisha tunampelekea Mzee kwenye chumba cha mwisho cha korido, naye anakibana kwenye mashine yake na kukivuta huku na huku mpaka kikatike. Sisi tulihangaika siku mbili, yeye alimaliza kwa dakika mbili.

Nilipofika pale chuoni kusomea uzamili nilimchukia wiki nzima. Alivunja kipande changu cha kwanza kabla sijakipiga hata picha. Nilipolalamika alinitazama juu ya miwani yake iliyofungwa waya sikioni.

"Binti, kama ulitaka pambo ungekwenda kwa sonara."

Wiki ya pili nilikuwa nakunywa chai chumbani kwake. Nakikumbuka chumba kile kuliko nyumba nilizopanga: redio isiyo na kifuniko, birika jeusi kwa moshi, na rafu ya mitungi ya kioo yenye vipande vilivyokatika, kila mtungi na jina la mwanafunzi wake. Wengine walishakuwa wakubwa wa watu, lakini makosa yao ya ujana yalikuwa pale, yamepangwa safi. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alikuwa akisema kila asubuhi, tukimwitikia kama watoto wa shule.

Sheria yake ilikuwa moja. Kila kitu kilichotoka kwenye leza kilizaliwa na ndugu yake, kijiti cha chuma kinene kama kidole, juu ya bamba lile lile la mashine, kwa unga ule ule, siku ile ile. Kijiti hicho tulikiita shahidi. Huwezi kuvunja kitu kisha ukakitumia, kwa hiyo anavunjwa shahidi, na atakalosema ndilo linaloaminiwa.

Alipokaribia kustaafu, profesa wetu alimwuliza anataka zawadi gani. Tulidhani atasema saa ya ukutani. Akasema anataka bawaba.

Mkewe alitembea kwa vyuma vya mguu tangu usichana wake, na bawaba ya gotini ilikuwa imelika. Ilishamwangusha mara mbili kwenye ngazi za nyumba yao. Kiwanda kilichoitengeneza kilifungwa siku nyingi.

"Miaka ishirini na mitatu navunja," Mzee alisema. "Nataka kitu kimoja kitoke humu kizima."

Kazi nikapewa mimi, na sijui kama niliwahi kujisikia fahari hivyo tena. Tatizo lilikuwa unga. Mpya ungefika baada ya miezi miwili, na sherehe ya kumuaga ilikuwa Ijumaa. Nikakwangua mabaki ya chini ya kopo, unga uliokwisha kupita mashineni mara nyingi na kunyonya unyevu. Nilijua unga wa namna hiyo huacha vitundu ndani ya chuma. Nilijua, sitajitetea. Bawaba ilitoka inang'aa, nikaipenda, na nikaogopa kumsikia shahidi wake. Basi nikamtia mfukoni, nikachukua shahidi mwingine wa mwezi uliopita, aliyepikwa kwa unga mzuri.

Alhamisi nikampelekea Mzee vyote viwili. Aliikunja bawaba na kuikunjua, akacheka peke yake. Halafu akamshika shahidi, na kabla ya kumbana akapitisha kidole gumba pale alipokatwa kwa msumeno kutoka kwenye bamba. Akanyoosha mkono, akazima redio.

"Huyu alikatwa na msumeno wa zamani," alisema, "ule wenye jino bovu. Jumatatu niliubadilisha."

Akamweka mezani.

"Ndugu yake yuko wapi?"

"Mfukoni, Mzee."

Akaufungua mkono wake, nami nikamwekea; akambana kwenye mashine. Shahidi mzuri hurefuka kwanza, hukonda katikati, ndipo anakatika. Yule alikatika ghafla kama kijiti kikavu. Mzee aliugeuza mkato wake kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha vitundu. Nilifikiri ataitupa bawaba kwenye pipa. Aliibana kwenye mashine. Ilikatika kabla ya kufika nusu ya kipimo.

"Alikuwa aivae kesho," alisema. "Ngazi zetu ni kumi na nne."

Nililia. Hakunibembeleza, ila alinimiminia chai, akatia sukari nyingi kuliko kawaida.

"Kesho tutawaambia nini, Mzee?"

"Kesho nitakunywa soda."

Ijumaa aliwaambia wenzetu kwamba bawaba bado, akanywa soda yake, akaenda. Unga mpya ulipofika nilimtengenezea nyingine, na mashahidi watatu. Alikuja akiwa na kadi ya mgeni shingoni, akawavunja wote watatu mwenyewe. Walirefuka kweli kweli. Akaifunga bawaba kwenye leso na kuondoka hata bila kuaga, akihimiza miguu kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Mwaka jana alifariki. Nilipokwenda kumpa pole mkewe, nilimsikia kabla sijamwona: goti liligonga taratibu, hatua kwa hatua, akishuka ngazi mwenyewe kuja kunifungulia.

Tulikaa. Akaniambia kwamba goti halijamwangusha hata siku moja.

"Ila nililisubiri," alisema. "La kwanza alilivunja mwenyewe. Aliniambia mkono uliteleza. Nilimnunia wiki mbili, maskini, huku ananishika mkono kupanda na kushuka."

Miaka tisa mzee yule alikuwa amebeba kosa langu nyumbani kwake, na hakuniambia. Nikamweleza mama yote: unga, mfuko, shahidi wa uongo. Alinisikiliza huku akinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kunyanzi.

"Nilijua kuna mtu anafichwa," alisema. "Mume wangu hakuwahi kuvunja kitu kwa bahati mbaya."