Mbuzi wa Isnino na Waya wa Ofisi

Kwa miaka mitano Ekaale alikuwa karani wa ushirika wa wafugaji pale Wabera, na miaka hiyo yote chai yake ilitoka kwa Isnino, mama wa makamo aliyekuwa akiuza chai kwenye baraza ya ofisi, mbuzi wake kamfunga nguzoni.

Jumatatu moja laptop ya ofisi, kuukuu ya kufungwa na mpira wa baiskeli, ilikataa mtandao. Ekaale akachomoa waya, akachomeka, akazima, akawasha, wapi. Ile taa ndogo ya kijani, pale waya unapoingia, haikuwaka. Akaufuata waya hadi nje ya dirisha, akakuta alama za meno. Basi hasira zikampanda. Mbele ya wanywaji chai wote akamwambia Isnino ang'oe jiko, ahamie ng'ambo ya barabara na mbuzi wake mharibifu. Baraza si boma. Isnino alihamisha jiko na mbuzi. Kisha akabeba chupa zake mbilimbili, akaenda kukaa juani.

Saa sita akaja Diba, fundi wa kompyuta kutoka Bulla Pesa. Akauchomeka waya uleule kwenye laptop yake mwenyewe. Taa ikawaka. Meno yalikuwa yamegusa ngozi tu. Kisha akafungua mipangilio ya laptop ya Ekaale.

"Ekaale, mlango wa waya umezimwa humu ndani. Nani alizima?"

Ekaale alimjua: ni yeye mwenyewe. Ijumaa alitaka kutazama mpira, na mtandao wa ofisi hauruhusu mpira, nayo laptop ilikuwa inang'ang'ania waya. Akauzima mlango, akaunganisha simu yake, akatazama mpaka filimbi ya mwisho, akasahau. Sasa masikio yalimchoma. Alitamani Diba aseme ni virusi.

Angeweza kungoja amwone Isnino peke yake. Lakini neno alikuwa amelitupa mbele ya watu. Akavuka barabara, akasema yote, hata habari ya mpira. Wanywaji chai, waliomfuata Isnino huko, wakatazama vikombe vyao.

Isnino aliendelea kuchochea makaa. "Mimi hukunitukana sana," alisema. "Huyu ndiye uliyemwita mharibifu. Mwambie yeye."

Mtu akacheka pembeni. Ekaale akachuchumaa, akamwambia mbuzi pole, kwa sauti ya kusikika. Mbuzi akamnusa mfuko wa shati.

Kisha Ekaale akalinyanyua jiko kwa mikono mitupu, moto ungali ndani, kulirudisha barazani. Isnino akamfuata na chupa zake. Kitambaa cha kushikia jiko Isnino alikuwa nacho begani, wala hakumpa.