Miwani ya Kwenye Picha

Wateja walimwita Mstari, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa kinyozi wa kiti kimoja na kioo kimoja, na kazi aliyojivunia kuliko zote ilikuwa kuchora mstari wa paji la uso kwa wembe. Mtu aliingia kwake na nywele zilizojiotea zinavyotaka, akatoka anajipapasa kichwa na kujitazama kwenye kila dirisha la duka alilolipita. Mstari mwenyewe alikuwa na maringo yake, hilo lazima lisemwe. Alipomaliza kichwa alirudi nyuma hatua chache, akakunja mikono, akangoja asifiwe.

Halafu macho yakaanza kumchezea. Waliogundua ni wengine, yeye alikataa kata kata. Gazeti alianza kulisogeza mbali ili alisome, akalisogeza tena na tena, mpaka mkono ukafika mwisho, akawalaumu wachapaji kwa ubahili wa wino. Balbu ya pale juu ya kiti aliibadilisha, akamlaumu aliyemuuzia. Kioo nacho kikasemwa. Kila kitu mle ndani kilikuwa na kasoro isipokuwa macho ya mwenye duka.

Mistari ikaenda mrama. Mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani, mteja wa tangu zamani, aliondoka siku moja na paji la uso ambalo upande wake mmoja ulikuwa umepanda na mwingine umeshuka. Alishukuru kwa adabu. Mara iliyofuata alionekana ng'ambo ya barabara, kwenye saluni ya vijana yenye muziki na viti vya kuzunguka, akijitahidi kutazama kwingine. Mstari alimwona bila shida. Wa mbali aliwaona wote, tabu yake ilikuwa kwa aliyekaa chini ya pua yake.

Mkewe alimnunulia miwani ya kusomea, ile ya kuokota tu kaunta ya duka la dawa. Mstari aliivaa mara moja, akajitazama, akaivua, akaitupa kwenye droo ya vitana vilivyong'oka meno.

"Miwani ni ya wazee," alisema kwa uso mkavu, mtu ambaye mvi zake mwenyewe alikuwa akizifagia kila Jumapili.

Mambo yangeendelea hivyo kama si binti yake. Alikuwa mwanawe wa pekee, na alikuwa karibu kuolewa. Tangu binti akiwa mtoto wa kubebwa, Mstari alishatangaza kwa kila aliyekaa kwenye kile kiti kwamba mkwewe atanyolewa na yeye mwenyewe asubuhi ya harusi, na kwamba watu watauacha ukumbi waje waulize nani kamnyoa. Miaka ikapita, tambo zikaongezeka, na sasa mkwe alikuwa kapatikana, kijana mpole mwenye nywele nzuri nyingi. Binti akaja dukani jioni moja, akafunga mlango, akabaki amesimama.

"Baba, kama hutavaa miwani, atakwenda kunyolewa kule ng'ambo. Nimeshamwambia."

Mstari alicheka. Alipomwona mwanawe hacheki, kicheko kikamkauka. Hakuna neno lililowahi kumchoma hivyo. Heri angeambiwa asije harusini kabisa kuliko kukaa harusini na kutazama picha zinapigwa za kichwa alichokinyoa mtu mwingine. Usiku wake ulikuwa mrefu, na asubuhi alimwambia mkewe kwamba amekubali, ila kwa sharti. Hatavaa vitu vya kaunta. Atavaa miwani kama ya baba yake.

Picha ya baba yake ilining'inia juu ya kioo cha dukani, na kila mteja aliijua. Marehemu naye alikuwa kinyozi, na kiti kile kilikuwa chake. Pichani amesimama upande upande ndani ya koti, kidole kimoja kimeinuliwa kwenye miwani kama mtu anayetaka kusema jambo zito. Na miwani yenyewe ilikuwa miwani: juu nyeusi, nene, kama nyusi za pili, chini waya mwembamba unaong'aa. Mstari hakumkumbuka baba yake akiivaa nyumbani. Alikumbuka tu mtu mkimya aliyekuwa ameshaacha kazi kwa sababu ya mgongo, kama walivyosema wote, na aliyefariki yeye akiwa bado anavaa kaptura ya shule. Lakini alijiambia kwamba mtoto anaweza kusahau na picha haisahau.

Basi akaishusha picha ukutani, akaifunga kwenye gazeti, akaanza kuzunguka nayo mjini kwapani.

Mpima macho, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alimsomesha herufi ukutani na kwenye kadi, akamwambia macho yake hayana ugonjwa, yamechoka tu kuona vya karibu, kama ya watu wengi wa umri wake. Hapo kwenye umri Mstari alikohoa. Fremu alizotolewa zilikuwa nyembamba, hazina hata rangi, za kujificha usoni. Alifungua gazeti akamwonyesha picha. Yule mama alitabasamu, akamwambia za namna hiyo akatafute mwenyewe, akizipata amletee aziwekee lenzi.

Alianzia kwenye mitumba. Muuzaji alikuwa na ubao mzima wa miwani, na Mstari aliijaribu yote kwenye kipande cha kioo kilichofungwa kwa kamba. Ya duara ilimfanya afanane na mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Nyingine ilikuwa ya waridi, pembe zake zimepinda kwenda juu, na muuzaji akaapa kwamba ni ya kiume. Wapita njia wawili walivunjika mbavu kwa kicheko. Moja ilimpendeza kweli, ila ilikuwa bado na lenzi za mwenyewe wa kwanza. Alipoivaa ardhi ilimjia juu, akainua mguu kupanda ngazi ambayo haikuwepo, akamkumbatia muuzaji.

Kisha akamkumbuka fundi saa wa mtaa wa nyuma. Fundi huyo alikuwa na kopo la fremu zilizoachwa na watu walioleta kutengenezewa wasirudi tena. Akalimwaga juu ya meza, na katikati ya waya na skrubu ikatokea. Nyeusi juu, waya chini. Mkono wake mmoja tu ndio ulikuwa umepinda. Mstari aliishika kwa mikono miwili, na fundi saa alisema baadaye kwamba alidhani mtu mzima atalia.

Mpima macho alimwonya. Plastiki ya zamani hukauka, alisema, na ili aunyooshe ule mkono lazima aupashe moto. Mstari akasema apashe tu. Ukasikika mlio mdogo, tak, fremu ikakatika katikati, pale penye pua. Hakumlaumu mtu. Aliviweka vipande viwili mfukoni akarudi dukani kwake, akakaa kwenye kiti cha wateja, na alipoulizwa kama kuna nafasi alisema hapana.

Harusi ilikuwa Jumamosi ijayo. Mkewe hakumsema, alimshika mkono tu kama mgonjwa, akampeleka kwenye jengo la maduka ambalo Mstari hakuwahi kuingia kwa sababu, kwa maoni yake, lilikuwa la watoto. Msichana aliyewapokea kwenye duka la miwani alikuwa amevaa ile ile. Nyeusi juu, waya chini. Mstari alimkodolea macho mpaka mkewe akamfinya.

"Hizi ndizo zinatoka sasa, baba," msichana alieleza, akafungua droo iliyojaa, nyeusi, kahawia, na za kijani pia. Alipoonyeshwa picha aliisifia sana, akauliza kama ni tangazo.

Mstari alitoka pale kichwa kimemvimba. Mwezi mzima alikuwa akichakura makopo kutafuta kitu cha kizamani, kumbe vijana wanakivaa kwenda matembezini! Kuanzia siku hiyo hakusema tena kwamba anavaa miwani. Alisema anakwenda na wakati.

Fremu nyeusi aliyoinunua pale ikawekwa lenzi, akaivaa dukani kwake asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza. Jambo la kwanza aliloliona ni nywele za watu kwenye kila kona, za siku nyingi, na akafagia kwa aibu. La pili, kucha zake mwenyewe. Kisha akachukua kitambaa aifute picha ya baba yake kabla hajairudisha ukutani, akaisogeza karibu kama ambavyo hakuweza kwa miaka, ili afananishe fremu na fremu.

Kidole cha baba yake hakikuigusa fremu. Kilikuwa kimepita ndani yake. Ncha ya kidole ilikuwa upande wa pili, kwenye kona ya jicho, kama mtu anayejitoa kibanzi. Miwani ile haikuwa na kioo.

Aligeuza picha huku na huku, akaifuta tena. Siku nzima alinyoa bila kusimulia kitu, na waliomzoea wakadhani anaumwa.

Mama yake alikuwa ameshafika kwa ajili ya harusi, na jioni Mstari alimpelekea picha mapajani. Mama aliitazama akacheka mpaka akashika ubavu. Ile ilikuwa miwani ya studio, alisema. Mpiga picha wao alikuwa na sanduku: koti moja, saa moja isiyotembea, na miwani moja isiyo na vioo, ili isimrudishie mwanga wa taa. Mtaa mzima ulipigwa picha na miwani ile. Hata yeye mama anayo picha yake ya namna hiyo, ipo kwa dada yake.

"Sasa miwani yake ya kweli iko wapi?" Mstari aliuliza.

Mama aliacha kucheka. "Hakuwahi kuwa nayo. Nilimbembeleza mpaka nikachoka. Aliniambia miwani ni ya wazee."

Mkewe, aliyekuwa anakunja nguo pembeni, alitazama chini.

Mama akayamaliza, maana alikuwa ameyaweka muda mrefu. Mgongo haukumuuma marehemu hata siku moja. Ni macho. Aliendelea kunyoa kwa kukisia, mpaka siku alipokuwa anamnyoa shemeji yake, mdogo wake mama, na wembe ukaondoka na kipande cha sikio. Tangu siku hiyo hakushika wembe tena. Alikileta kiti nyumbani, kikawa cha kuwekea nguo. Mgongo ulibuniwa ili asichekwe, na shemeji mtu akakubali kusema kwamba alianguka na baiskeli.

Mjomba! Sikio lake la kushoto lenye pengo lilikuwa jambo la kawaida kwao kama mlango wa nyumba. Karibu kila wiki mjomba huyu alikuja dukani kwa Mstari, akakaa kwenye benchi, akasoma gazeti lote hadi matangazo ya vifo, akaaga. Kwenye kile kiti hakukaa hata mara moja. Alinyolewa mtaa mwingine, na akitaniwa alisema nywele zake zimeshazoea mkono wa mtu. Kwa miaka yote Mstari alilichukulia hilo kama dharau ndogo ya kifamilia.

Aliivua miwani akaiweka mezani. Ilimuuma kwamba alizunguka mji mzima akitafuta miwani ya baba ambayo baba hakuwa nayo, na ilimuuma zaidi kumfikiria baba huyo, ameketi nyumbani mchana kweupe, anatazama kiti chake kimejaa nguo. Mama akaichukua, akaifuta lenzi kwa pindo la gauni lake, akamrudishia.

"Vaa," alisema. "Yeye ilimpendeza siku moja tu."

Jumamosi asubuhi mkwe alikuja na kaka zake, wote wamechangamka, na mjomba akawa ameshakaa kwenye benchi lake na gazeti lake. Mkewe Mstari alisimama mlangoni, simu mkononi, kwa sababu binti alikuwa ameagiza apelekewe picha ya kichwa kabla ya kitu kingine chochote. Mstari alimfunga mkwe shuka, akakipangusa kiwembe kwa spiriti, akavaa miwani. Kaka mmoja akasema baba mkwe kapendeza. Gazeti la kwenye benchi likashuka kidogo.

Alinyoa bila haraka. Nywele zilidondokea kwenye lenzi, akawa anasimama kuzipuliza, na kila aliposimama moyo wa mkwe ulisimama naye. Lakini mkono ulikuwa ule ule wa zamani, na sasa ulikuwa unaona unakokwenda. Mstari ukatoka sikio hadi sikio, ukanyooka. Kinyozi akarudi nyuma, akakunja mikono. Simu ilipiga picha, ikaituma kwa binti, na baada ya muda ikalia. Mkewe alisoma kimya, akafuta jicho, akasema binti anauliza nani kamnyoa.

Watu walicheka, wakapeana mikono, mkwe akasimama akakung'utwa. Kiti kikabaki wazi. Mstari alikuwa ameinama anaokota brashi aliposikia gazeti linakunjwa, kisha benchi likalia.

Mjomba alivuka ile sakafu polepole, akaushika mkono wa kiti kama anayepima kama ni kile kile, akakaa. Alimtazama Mstari kupitia kioo, akaitazama picha ya juu, kisha akaitazama tena miwani.

"Na mimi," alisema.

Mstari alimfunga shuka. Alilikunja sikio la kushoto kwa kidole, taratibu, akaliona pengo lote lilivyo, na akaanzia hapo.