Mnazi Uliorefuka Maji Yalipokupwa

Sisi tuliosoma Mbwera, kule delta, kabla simu hazijaingia mifukoni, tanjenti tuliijua kwa jasho. Pembe tulizipima kwa kipande cha boksi kilichochorwa digrii, kikaning'inizwa uzi wenye chubwi, ile risasi ya nyavu ambayo kila baba aliitafuta asiione. Ukikosea mstari mmoja kwenye kitabu cha majedwali, mnazi unakuwa mfupi kuliko mbuzi. Vijana wa leo mnabonyeza tu, halafu mnalalamikia chaji.

Bibi yangu, Bibi Mwanaidi, alikuwa na mnazi mkongwe ukingoni mwa mto, shina limeoza, na ilikuwa lazima ukatwe. Mkataji akasema mtoni hawezi kuuangushia, kuna mitumbwi ya watu. Utalala kuelekea jikoni. Jiko lenyewe lilikuwa jipya, makuti bado yananukia, na Bibi alilisubiri sana tangu mafuriko yabebe la zamani. Kutoka shinani hadi mlangoni ni mita kumi na mbili. Je, mnazi utafika?

Mwalimu Mushi, mwalimu wetu wa hesabu kutoka milimani huko, akaona somo limejileta. Akatugawa makundi mawili. Na sisi watoto wa delta tukiambiwa tukapime kitu, tunapanda mtumbwi. Kutembea ni mpaka tulazimishwe. Tukaufunga kwenye kigingi mtoni, umbali tukaupima kwa kamba. Kundi letu lilipima asubuhi, maji yamejaa, likapata kimo cha mita kumi na moja. Kundi la Zuhura lilipima jioni, mtumbwi uleule, kigingi kilekile, likapata kumi na tatu.

Tulibishana mpaka koo zikakauka. Zuhura, ambaye mdomo alijaliwa, akasema hatujui kugawanya. Nikamjibu kundi lake zima lina makengeza. Bibi alitusikiliza kashika kiuno.

"Wajukuu zangu, jiko likivunjika mtanipikia nyie, na kuni mtakata nyie."

Mwalimu alicheka hadi akakaa chini. Asubuhi, akatueleza, maji yaliyojaa yalituweka usawa wa shina; jioni yalikuwa yamekupwa, mtumbwi umeshuka, macho ya akina Zuhura yameshuka nao, na hakuna aliyelihesabu hilo. Kisha akatuuliza kwa nini hatukupimia mlangoni pa jiko. Kumi na moja gawanya kwa kumi na mbili, akasema, halafu soma jedwali kinyumenyume, kutoka tanjenti urudi kwenye pembe: digrii arobaini na mbili na nusu. Pembe ikizidi arobaini na tano, kimo kimeupita umbali, jiko kwisha habari yake. Nikalala kifudifudi mlangoni, jicho chini kabisa, mchanga mdomoni. Arobaini na mbili na ushee. Zuhura akapima upya, kwa kuwa mimi haniamini. Ikawa ileile.

Shoka likaanza. Bibi alikuwa keshatoa masufuria yote nje, hesabu au si hesabu. Mnazi ukaanguka kwa kishindo, ncha ya kuti ikakomea mbele ya mlango, na nazi moja ikabingirika mpaka ndani. Bibi akaifuata, akaifua, akaikuna, tukala wali wa mchele mpya huku tukiendelea kubishana nani alikuwa sahihi. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Juzi hapa Kibiti mwanangu alipewa swali la namna hiyo. Akalipiga picha, simu ikamtolea pembe kabla sijavaa miwani.

"Baba, tayari."

Jibu lilikuwa sahihi kabisa. Akabaki amekaa peke yake sebuleni, hana hata mwenzake wa kumwambia amekosea.