Sanduku la Randa

Nyie vijana mtakaosoma haya, msitafute maneno mazuri humu. Darasa la nne ndipo nilipoishia, na hata hilo nilikuwa nakaa karibu na mlango ili kengele ikilia niwahi shamba. Naandika kwa sababu nawaona mnavyopenda kuacha vitu. Mnaacha kazi, mnaacha watu, halafu mnasema mmepumzika. Mie niliona kitu Keko kikanikalisha chini mchana kweupe, na hadi leo nikikikumbuka kifua kinanigonga.

Mjukuu wangu nimemlea mwenyewe hapa Chanika tangu ananyonya vidole. Ni fundi seremala. Ndiyo, mwanamke, na wala msikunje uso. Babu yake, yaani marehemu mume wangu, alikuwa mchonga vinyago, mtu wa kusini kama mimi, na huyu mtoto alikulia kwenye maranda yake kama kifaranga. Alipomaliza shule watu wakamwambia asomee ushonaji. Akaniambia, "Bibi, kitambaa hakinijibu. Mbao inanijibu." Nikamwambia siku mbao ikikujibu uniite nikupeleke hospitali. Akacheka, akaenda zake Keko kwenye mabanda ya mafundi. Alianza kwa kufagia, baadaye akapewa msasa asugue, baadaye akapewa meza yake ya kazi. Nimewahi kumtazama. Akimaliza kupiga randa anapitisha dole gumba juu ya ubao taratibu, macho kayafumba, kama mama anayepima homa ya mtoto. Siku mbao ikimtii alikuwa anarudi nyumbani anaongea hadi ugali unapoa.

Kisha akapata mimba, ya kwanza. Mumewe ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa bara, mpole hadi anaudhi. Wanaishi nami, chumba cha uani. Tulifurahi kimyakimya kama inavyotakiwa. Kwetu mimba haipigiwi ngoma, na mtoto haandaliwi kitu kabla hajalia. Hununui kofia, hununui beseni, hukati nepi. Unamwandalia nani, na umemuona wapi? Nimelikuta hilo kwa mama yangu, na yeye alilikuta. Mjukuu hakunibishia. Mimba ikakua, chumbani mwao hamna hata soksi ya mtoto, nikaona huyu nimemlea vizuri.

Kliniki muuguzi akamwambia harufu ya vanishi na tina si nzuri kwake, na vumbi la mbao pia, basi apumzike hadi ajifungue na mtoto apate nguvu. Mie nikaona ni sawa. Shamba ukiliacha lipumue, hujalihama. Ndivyo nilivyojua mimi.

Siku yake ya mwisho kazini nikasema niende kuwashukuru mafundi. Watu wamekaa na mjukuu wako miaka, hawajamvunjia heshima, huwezi kukaa kimya. Nikachimba mihogo yangu, nikaipika kwa nazi, nikafunga sufuria kwa kanga, nikaenda bila kumwambia.

"Shikamoo bibi!" fundi mmoja akanipazia sauti, kakaa juu ya kochi ambalo halijatiwa hata sponji. "Umekuja kuagiza kitanda cha kuolewa?"

"Marahaba. Kitanda ninacho. Mwanamume ndiye sina, na hapa simuoni."

Banda zima likacheka. "Bibi jamani, si mie hapa!"

"Wewe kochi lenyewe halijaisha ushalikalia. Mke utamsubiri wewe? Yuko wapi mjukuu wangu, mke mwenzangu?"

"Mama kijacho yuko nyuma huko, ana kazi yake ya siri tangu asubuhi. Hataki mtu."

Nikazunguka nyuma. Sasa nisikilizeni vizuri. Banda la jirani yao wanatengeneza majeneza. Yamesimamishwa ukutani, makubwa kwa madogo, na mafundi wa kule wameyazoea, mwingine anaegemeza baiskeli yake hapo hapo. Nilipita mbele ya hayo majeneza nikiangalia chini, kama mtu yeyote mwenye akili. Nikainua macho nikamuona mjukuu wangu, tumbo limemtangulia, kainamia sanduku la mbao. Dogo. Urefu wake kama mkono wangu kutoka begani hadi vidoleni. Lina mfuniko wa bawaba, umefunguliwa ukaegemea nyuma. Na ndani alikuwa anatandika kitambaa cheupe, anakibana kwenye pembe kwa vidole, taratibu, na machozi yanamdondoka humo humo ndani.

Nilijua. Hakuna aliyeniambia, lakini nilijua. Mtoto amefia tumboni, mama yake kaambiwa kliniki, kanificha mie, na sasa anamtengenezea jeneza kwa mikono yake mwenyewe.

Sufuria sikuiangusha. Mtu aliyelima mihogo haangushi mihogo. Lakini nikajikuta nimekaa chini kwenye maranda, sufuria mapajani. Masikio yakaziba. Nyundo za Keko zote nikawa naziona zinapanda na kushuka, sizisikii.

"Bibi! Bibi, una nini?"

"Lini?" nikamuuliza.

"Lini nini?"

"Mtoto. Lini kaacha kucheza?"

Akanitazama, akalitazama sanduku, akatazama banda la jirani. Akashika mdomo. Halafu akanichukua mkono, akauweka tumboni kwake, akaubana. Tukangoja. Nawaambia kungoja kule sitaki tena maishani. Kisha kisigino kikanipiga kiganjani, teke la ng'ombe kabisa, nikasema alhamdulillahi kwa sauti hadi yule wa kochi akaja mbio.

"Sasa hili la nani?" nikauliza nilipopata pumzi.

"La vyombo vyangu, bibi. La randa na misumeno. Navirudisha nyumbani."

"Na kitambaa cheupe?"

"Kimebaki kwenye makochi. Nimeona visipate kutu."

"Na kulia?"

Akaanza kuvilaza vyombo humo, kimoja kimoja. Nikachungulia ndani ya sanduku. Kila kitu alikuwa amekichongea mahali pake: randa na shimo lake, nyundo na shimo lake, na ile patasi ya babu yake, mpini umekuwa mweusi kwa jasho, imelazwa katikati. Zimelala chali. Nimeosha maiti wengi maishani mwangu, najua kitu kilicholazwa kikoje.

Fundi mkuu wao, mzee wa makamo mwenye penseli sikioni, alikuwa amesimama nyuma yetu. Akanisalimia, akapokea sufuria kwa mikono miwili, akainusa, akashukuru. Halafu akasema kama anayeongea na ile sufuria, "Mama, mie nimemwambia aache randa mezani. Hapa kwetu mahali hapashikwi na mtu, panashikwa na chombo. Mwenzetu mmoja alivunjika mguu akauguzwa kwao Tanga muda mrefu sana. Randa yake tulikuwa tunaipaka mafuta, basi. Hakuna aliyeigusa meza ile. Aliporudi akakuta pake. Lakini mtu akibeba vyombo, kabeba. Kesho nitaweka fundi mwingine, na huyo sitamwondoa."

"Na yeye analijua hilo?"

"Analijua kuliko mimi. Ndiye aliyekuwa anaipaka mafuta ile randa."

Hapo nilishtuka mara ya pili, na huu mshtuko wa pili haukuwa na kelele. Nilidhani mtoto anakwenda kupumzika. Kumbe anahama, na mie hakuniambia.

Sikumsema pale. Mtu hagombezwi mbele ya wenzie. Tulipakia sanduku kwenye bajaji, yeye kaliegemeza kwenye magoti, mie natazama nje. Njia nzima nilikuwa namfikiria babu yake. Macho yalipoanza kumfifia alifunga vyombo vyake kwenye gunia akavitundika juu ya paa la jiko. Sikumuuliza. Tangu siku ile akawa anakaa uani, mikono kailaza magotini kama maganda ya muhogo. Alikula, aliswali, aliitikia salamu. Miaka ikapita hivyo. Lakini yule mume niliyeolewa naye alikuwa keshaondoka, mie nikabaki namfulia nguo mtu mwingine.

Tulipofika jua lilikuwa bado lipo. Mwalimu alikuwa amekaa kibarazani anasahihisha madaftari ya watoto wa watu. Nikamwambia aweke kalamu chini. Nikaliweka sanduku katikati ya mkeka, mfuniko juu yake, nikawaambia wakae wote wawili.

"Sema," nikamwambia mjukuu.

"Bibi, wenzangu nimewaona. Wanasema narudi, narudi. Mtoto anaumwa leo, kesho hakuna wa kumshika, basi. Hawarudi. Nikiiacha randa kule nitakuwa naifikiria kila siku, na fundi mkuu ananisubiri, na mimi siji. Bora nitoke mwenyewe kuliko watu waje wanione muongo."

"Unaitaka kazi, huitaki?"

"Bibi."

"Nimekuuliza."

"Naitaka hadi naiota," akasema, na dole gumba lake nililiona linapita juu ya mfuniko, taratibu, linatafuta palipokwaruza.

Nikamgeukia mumewe. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua, bibi. Lakini mimi sikumkataza kazi. Mungu ni shahidi."

"Hukumkataza. Ulimwambia abaki?"

Akatazama madaftari yake. "Niliona ni uamuzi wake."

"Mwalimu, mtu anazama mtoni, wewe umekaa ukingoni unasema ni uamuzi wake?"

Mjukuu akacheka kidogo katikati ya kilio, akasema, "Mwache mume wangu, mke mwenza, unamtisha." Nikamwambia huyu ni mume wetu sote, na zamu ya kumtisha leo ni yangu.

Ndipo nikaufunua mfuniko ili nimwonyeshe mwalimu kilichomo. Nikaiona tena ile kazi. Pembe zimekaa sawasawa. Kitambaa hakina hata kikunjo. Na kutoka pale nilipokaa nilikuwa naona mlango wa chumba chao uko wazi, na ndani kitanda chao, na pembeni ya kitanda hakuna kitu. Nyumba nzima hamna kitenge kilichotengwa kwa ajili ya mtoto, hamna beseni, hamna kipande cha sabuni, kwa sababu mie nimesema. Hapo ndipo niliposhtuka kweli. Kuliko hata kule Keko. Vyombo vya mtu aliye hai, mwenye nguvu, anayeota kazi yake, vimetandikiwa vikalazwa kama maiti. Na huyu anayetupiga mateke anataka kutoka, hajatandikiwa hata tambara. Tumemsafishia njia anayekwenda, na anayekuja tumemkalia kimya.

Sikusema hayo yote. Mie si mtu wa hotuba. Nilitoa vyombo kimoja kimoja nikaviweka juu ya mkeka, na patasi ya mume wangu nikaishika kidogo kabla sijaiweka. Wao wananitazama tu, mwalimu mdomo wazi, maana hajawahi kuniona nagusa vyombo vya ufundi.

Kisha nikawaambia hivi, na sikurudia:

"Ng'oeni huo mfuniko na bawaba zake. Mwalimu, kesho huna shule. Utakwenda Keko na hivi vyombo, randa utaiweka mezani pake na patasi ubavuni mwake, na utamwambia fundi mkuu aendelee na mafuta. Muhogo nitaupeleka mimi. Wewe mke mwenzangu, humu ndani utaweka kanga za mtoto, kuanzia kesho hiyo hiyo, na asiniulize mtu eti mtoto tumemuona wapi. Akishaanza kula uji atashinda na mie, na mama yake atakwenda kazini. Na huo mfuniko msiuchome, mbao ni nzuri. Kaupigilieni kwenye banda la kuku, nao wapate mlango."